Feni ya Chumba cha Mama Mkwe

Kwa muda mrefu nilikuwa natengeneza feni ambayo sikuruhusiwa kuiona ikizunguka. Sitii chumvi. Feni ilikuwa nyumbani kwangu, imening'inia kwenye dari niliyoipigilia mwenyewe, ikitumia umeme ninaoununua mimi. Lakini chini yake alilala mama mkwe wangu, na mtu wa rika langu huku kwetu haingii chumba alicholala mama mkwe wake.

Najua vijana wanacheka. Kazini niliwahi kuulizwa na mwenzangu aliyehamia Dodoma kutoka Kanda ya Ziwa kama hatuoni haya, makao makuu ya nchi yapo kwetu na bado tunakimbia wakwe. Nikamwambia hatukimbii, tunapishana. Kwetu Wagogo, hasa sisi tuliozaliwa vijijini, mama mkwe unamheshimu kwa kumpa nafasi. Huli mbele yake. Humtazami usoni. Yeye akiwa sebuleni, wewe unapitia mlango wa jikoni. Wewe ukiwa uani, yeye anasubiri ndani mpaka upite. Mkiwa na neno la kuambiana, mke ndiye anayelibeba. Nilimwoa binti yake nikiwa kijana, sasa nina mvi mpaka kwenye nyusi, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kukaa chumba kimoja. Nilimpenda hivyo hivyo, naye nadhani alinipenda hivyo hivyo.

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kulala bila kuegemea mito. Daktari alisema moyo umetanuka na maji yanarudi kifuani, kwa hiyo asikae mbali na hospitali. Tukamtoa kijijini tukamleta kwetu mjini Dodoma, mtaa wa Kikuyu. Mke wangu alimpa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, akaweka pazia jipya, na mimi nikaanza kuishi nyumbani kwangu kama mpangaji, nikipita ukumbini huku nakohoa ili nijulikane nipo.

Shida ilikuwa joto. Kule kijijini alikuwa anaishi kwenye tembe, udongo ukutani na udongo juu, nyumba ambayo hata jua la Oktoba likiwaka vipi, ndani pametulia. Kwangu ni bati. Tulipoezeka bati tulichinja mbuzi kwa furaha, lakini ikifika saa nane mchana ndani ya nyumba ile mtu unahisi umefunikwa na sufuria. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mgonjwa wa namna ile akikosa hewa inayotembea usoni anahisi anazama. Basi nikafunga feni ya dari. Na kwa kuwa umeme ulikuwa unakatika, tena mchana, saa zile zile za sufuria, nikanunua betri kubwa na inveta ya kugeuza umeme wake uwe wa nyumbani, ili feni isisimame.

Mimi ni mtunza stoo katika chuo cha ufundi. Kabla ya ajira niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye kibanda cha kutengeneza redio, kwa hiyo bisibisi naijua, na mdomo wa fundi ninao pia. Siku mke wangu alipompeleka mama kliniki, niliingia kile chumba nikafunga kila kitu. Ukutani niliweka regulata ya kupunguza na kuongeza kasi, ya kisasa ya kielektroniki, ile ndogo yenye kitufe cha kuzungusha, namba moja mpaka tano. Nikazima meni swichi. Umeme wa nje ulipokatika hivyo, inveta ikalia kidogo, ikashika kazi, feni ikazunguka safi kabisa. Nikajipongeza, nikafunga mlango.

Nilikuwa nimejaribu namba tano. Ndivyo tunavyojaribu feni, unaiwasha mpaka mwisho uone nguvu yake. Mama mkwe, ambaye upepo ukimpiga tu anakohoa mpaka machozi, alikuwa anatumia namba moja. Jambo hilo halikunipitia kichwani hata kidogo.

Basi zikaanza siku za kukatika umeme. Kila nikirudi kazini namuuliza mke wangu, "Leo umeme ulikatika?"

"Tangu saa sita."

"Na feni ya mama?"

"Amesema nzuri. Amesema nikwambie ahsante."

Nikitoka hapo naenda kwenye kona ya stoo ya nyumbani nilipoweka betri, naangalia kipimo, nakuta imejaa. Umeme umekatika mchana kutwa, betri imejaa! Nilikwenda nikajisifu kazini. Niliwaambia wenzangu kwamba watu wanauziwa betri mbovu kwa sababu hawajui kuchagua. Mmoja aliniomba nimsindikize akanunue kama yangu, nami nikamsindikiza.

Haikuchukua muda mama akaanza kuomba arudishwe kijijini. Alisema mvua zinakaribia na anataka kuandaa shamba la uwele. Mke wangu aliponiletea ujumbe huo nilikasirika waziwazi. Mtu hawezi kutoka kitandani mpaka chooni bila kupumzika katikati, anataka kushika jembe? Kule kijijini zahanati iko mbali, na gari la kukodi usiku unalipata kwa bahati. Mke wangu alikuwa amechoka kuliko mimi. Anamwogesha mama yake, anampikia mlenda bila chumvi na kusikiliza malalamiko kwamba mlenda hauna chumvi, halafu jioni anasimama katikati yetu sisi wawili akipeleka na kurudisha maneno kama tarishi.

"Amesema akifia huku tutapata taabu ya kumsafirisha," akaniambia. "Anataka aende mwenyewe, kwa miguu yake." Kisha akajifuta uso kwa upande wa kanga na kurudi jikoni.

Siku niliyojua ukweli ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikuwa nimekaa ukumbini nimefungua pasi ya jirani niitengeneze, umeme ukakatika. Inveta ikalia. Kutoka chumbani kwa mama nikasikia mngurumo, mzito na wa kukwamakwama, mfano wa mashine ya kusaga iliyojazwa mahindi mabichi. Ukapanda, ukashuka, kitu kikagongagonga darini. Halafu nikasikia swichi ikizimwa. Kimya. Baada ya muda kidogo ikaanza sauti nyingine, pwa, pwa, pwa. Ilikuwa kanga. Mama alikuwa anajipepea mwenyewe.

Nikamwita mke wangu kutoka uani. "Hebu muulize mama feni inakwendaje."

Akaingia, akatoka. "Anasema nzuri sana. Inapepea vizuri, Mungu akubariki."

Na ile pwa, pwa ilikuwa inasikika hapo hapo tulipo, sote wawili tunaisikia.

"Mama yako ananidanganya," nikasema.

"Hakudanganyi." Mke wangu alishusha sauti. "Ulitaka aseme nini? Mama atamke kwamba kitu alichowekewa na mkwe wake ni kibaya? Umewahi kuona wapi?"

Sikuwa nimewahi kuona popote. Mama mkwe akikaribishwa kwa mkwewe hasemi chakula kimepoa, hasemi kitanda kinauma, hasemi mbuzi aliyepewa ana chongo. Hata mahari ikipungua wanasema wajomba, si yeye. Ningekuwa na akili ningejua kwamba kumuuliza mtu yule swali lile ni sawa na kutomuuliza. Badala yake nilikuwa nimekusanya majibu ya heshima nikayafanya kipimo cha umeme. Na betri yangu ya kujivunia ilijaa kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitumia. Umeme ukikatika, feni ikianza kunguruma, mama anainuka kwa shida, anazima, anakaa na joto lake mpaka umeme urudi. Ndiyo maana alitaka kwenda kwao. Alikuwa anakimbia joto, na shamba la uwele lilikuwa njia ya kuniaga bila kuniudhi.

Niliona uchungu, na nitasema kweli, niliona hasira pia, nisijue namkasirikia nani. Nilimwomba mke wangu ambembeleze mama asubiri kidogo, angalau wiki moja.

Kesho yake wakaenda kanisani kwa bajaji, nami nikabaki na feni. Nikazima meni swichi. Namba tano, safi. Namba nne, feni ikaanza kutetemeka. Tatu, ikanguruma. Mbili, ikasimama, ikaruka ghafla ikaenda mbio, ikasimama tena. Namba moja haikuzunguka kabisa, ilikuwa inalia tu pale juu, na regulata ikapata moto mkononi mwangu. Nikarudisha umeme wa kawaida: moja mpaka tano, zote zimetulia, hazina neno.

Nilibadilisha kapasita, hakuna kitu. Nikashusha feni nzima nikapaka grisi bearingi, shingo ikaniuma siku mbili, hakuna kitu. Kila jaribio lilitaka mama awe hayupo chumbani, kwa hiyo nilikuwa nasubiri kliniki, nasubiri kanisa, nasubiri amekwenda kuota jua la asubuhi uani ndipo nichungulie kwanza kama njia nyeupe. Nikanunua regulata nyingine ya aina ile ile, nikiamini ya kwanza ni mbovu. Mpya nayo ikanguruma vile vile. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya chumba kile, kinachonukia mafuta ya kuchua na dawa, nikajisikia mzee.

Mwisho nikairuka regulata. Nilichukua nyaya zake mbili nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, nikawasha. Feni ikaenda kasi yote bila kelele ya maana. Hapo nikaelewa. Umeme wa kawaida hupanda na kushuka taratibu, kama barabara ya milimani. Inveta yangu, ambayo niliichagua kwa urahisi wa bei yake, inatoa umeme unaopanda na kushuka kwa kuruka, kama ngazi. Ile regulata ya kielektroniki hupunguza kasi kwa kuukata umeme vipande, na hukata kwa kufuata ule mteremko. Ikikutana na ngazi inakata ovyo, feni inapata umeme kwa kushtukashtuka. Ukiweka namba tano haikati chochote, ndiyo maana jaribio langu la kwanza lilifaulu. Inveta ilikuwa nzima, regulata nzima, feni nzima. Haziwezi kuishi pamoja tu. Nikairudisha regulata mahali pake.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni inveta ya aina bora, ambayo mwezi ule sikuwa na uwezo nayo. Ya pili ni regulata ya zamani, lile boksi kubwa zito lenye koili ndani, ambalo halikati umeme bali linaupunguza nguvu tu. Madukani hakuna aliyelikumbuka. Nililitafuta kwa wauza vyuma chakavu mpaka nikafika Ihumwa, na huko, chini ya masinki na vitasa vya nyumba iliyobomolewa, nikalipata moja. Lilikuwa limechakaa, lakini koili yake ilikuwa nzima. Nikaliweka kwenye katoni nikapanda bodaboda kurudi mjini.

Nilifika nyumbani alasiri, umeme umekatika. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na mke wangu hayupo. Alikuwa amekwenda duka la dawa kununua vidonge vya mama vilivyokwisha. Nikakohoa kama kawaida yangu ya kujitambulisha. Kutoka chumbani nikasikia pumzi. Ilikuwa ya kuvuta na kuvuta, bila nafasi katikati, na kanga haikuwa inapepea.

"Hodi, mama."

Pumzi tu.

"Mama, hodi."

Nilisimama pale mlangoni na mkono wangu kwenye kitasa. Ningependa kusema niliingia mara moja, lakini mwili ulikataa. Nilifikiria kumwita jirani mwanamke. Nikatazama nje, barabarani hapakuwa na mtu. Pumzi ikakatika, ikaanza tena, nikafungua.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kichwa wazi, kanga imeanguka sakafuni. Aliponiona alijaribu kuinama aiokote asiweze. Niliiokota mimi nikampa huku natazama pembeni, akajifunika uso.

"Mkwe," akasema, kwa sauti niliyokuwa nimezoea kuisikia nyuma ya ukuta tu. "Toka."

"Sitoki, mama."

Niliwasha feni namba tano. Upepo ukamwangukia na jasho lake lote, akakohoa mpaka nikaogopa, akapunga mkono niizime. Nikazima. Nikafungua dirisha lote, nikapanga mito nyuma yake, kisha nikalichana katoni la regulata, nikashika upande mmoja nikaanza kumpepea, polepole, ile kasi ambayo namba moja ilipaswa kuwa nayo.

Yeye alikuwa nyuma ya kanga, mimi nilitazama chini, na kwa kuwa nilitazama chini niliona miguu yake. Sikuwahi kuiona. Ilikuwa na nyufa za shambani kisigino kizima, na juu ya nyufa hizo ngozi imevimba, imevutika, inang'aa. Nilipepea mkono wa kulia mpaka ukafa ganzi, nikahamia wa kushoto. Nilikuwa nalia, na sikuona sababu ya kujificha kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama. Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wa dawa, akatuangalia sote wawili, halafu akakimbia kutafuta bajaji.

Walimlaza. Wakampa dawa za kutoa maji, uvimbe ukapungua, pumzi ikarudi. Wakati yuko wodini nilifunga lile boksi ukutani, nikazima meni swichi na kujaribu kila namba, nikianza na moja. Feni ilizunguka. Mlio mdogo ulibaki, kwa sababu umeme wa ngazi hauiachi mota ikae kimya, lakini ilizunguka.

Aliporudi nyumbani mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Sikuletewa tena hata lile "nzuri". Nilipomtuma mke wangu amuulize kuhusu feni, alitoka na kutikisa kichwa.

"Hasemi kitu. Ana aibu. Amesema mkwe wake amemwona kichwa wazi."

Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge, ziko karibu na mlango. Shemeji yangu alikuwa amepigiwa simu aje Jumapili amchukue. Daktari alipoambiwa aliguna tu, akaandika dawa za mwezi mzima. Mimi sikubishana. Nilikuwa nimechoka mwili na roho, na kichwani mwangu kulikuwa na wazo moja tu lisilotoka, kwamba nimemwokoa kwa kumfukuza.

Ijumaa alasiri umeme ukakatika. Nilikuwa ukumbini. Inveta ikalia, na feni chumbani ikaendelea, na ule mlio wake mdogo. Nikatega sikio nisikie swichi. Haikuzimwa. Nikaendelea kusubiri, na mke wangu alikuwa uani anafua.

"Mkwe."

Nilisimama wima kama mwanafunzi. Sauti ilitoka ndani, mlango umefungwa.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hili lifeni lako linanguruma."

Nikasogea karibu na mlango.

"Unanisikia? Linanguruma. Na hiyo namba moja bado ina kasi, inanipiga kifuani."

"Nakusikia, mama."

"Litengeneze. Siwezi kukaa na kelele hii mpaka mvua ziishe."

Nilitoka uani kutafuta bisibisi nikasahau nilikuwa natafuta nini. Mke wangu akauona uso wangu, akasimama na mikono yake ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Kuna nini? Mama?"

"Amesema feni yangu ni mbaya," nikamwambia.

Akakaa chini pale pale, kwenye maji ya kufulia, akalia kwa sauti.